Jinsi ya Kuchagua Gitaa Lako la Kwanza la Umeme

Gitaa langu la kwanza la umeme nililipenda kwa macho. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na nilipolivaa mbele ya kioo nilijiona nimeshapanda jukwaani. Miezi minne baadaye nilikuwa karibu kuacha kabisa. Vidole viliniuma hadi nikashindwa kubana hata noti nyepesi, na kila nilichopiga kilitoka kama kimepinda. Nilijilaumu mwenyewe: mikono yangu ni mizito, sikio langu halina muziki. Kisha siku moja nikalipeleka kwa fundi anibadilishie nyuzi tu. Akalitazama kwa jicho moja kuanzia kichwani hadi kwenye daraja, kile chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini, kama seremala anavyokagua ubao, akachukua rula, akaniambia nyuzi zimekaa juu karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Kazi yake haikumaliza saa nzima. Nililipiga palepale mezani kwake, na noti zilizonishinda kwa miezi minne zikatoka.

Tangu siku ile, anayeniuliza anunue gitaa gani namjibu hivi: nunua lile ambalo kesho ukiamka utataka kulishika tena. Rangi, jina la kampuni na aina ya mbao vitazungumziwa, lakini vyote vikae nyuma ya hilo.

Kabla ya kwenda mbali, niondoe hofu moja. Wapo watakaokuambia ni lazima uanzie kwenye gitaa lisilotumia umeme, lile ambalo wengine huliita gitaa kavu, eti ndipo vidole vikomae. Si lazima. Uzi mwembamba kuliko yote kwenye gitaa la umeme kwa kawaida una unene wa milimita 0.23 au 0.25, wakati kwenye gitaa kavu la nyuzi za chuma mara nyingi ni milimita 0.30 hivi. Shingo ya gitaa la umeme nayo huwa nyembamba zaidi. Kama muziki unaoupenda ni wa gitaa la umeme, anzia hapohapo.

Hatua ya kwanza: andika nyimbo tano

Kaa chini uandike nyimbo tano unazotamani kuzipiga. Nyimbo zenyewe, kwa majina, kwa sababu neno kama "roki" au "bluzi" ni pana mno kukusaidia. Kisha tafuta video za wapigaji wakizipiga jukwaani na utazame mikononi mwao wameshika nini. Baada ya nusu saa utaanza kuona maumbo yaleyale yakijirudia, na utakuwa umeshajua nusu ya unachokitafuta.

Kinachotofautisha sauti hizo zaidi ya kitu kingine chochote ndani ya gitaa ni pikapu, vile visanduku vilivyo chini ya nyuzi. Ndani ya pikapu kuna sumaku na waya nyembamba ya shaba iliyozungushwa maelfu ya mara, ndiyo inayoitwa koili. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, uga wa sumaku unatikisika na umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya waya. Umeme huo ndio unaopita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya na kukuzwa. Ndiyo maana gitaa la umeme halivishwi nyuzi za nailoni: sumaku haizihisi kabisa.

Pikapu ziko za aina kuu mbili. Ya koili moja ina sauti angavu, yenye makali, ambayo kila noti inasikika imejitenga na mwenzake. Ukipenda rumba, fanki, kantri au bluzi nyepesi, sauti uliyoizoea masikioni huenda inatoka huko. Kasoro yake ni mvumo. Koili ile inanasa pia umeme wa nyumba, wenye mzunguko wa hezi 50 au 60 kulingana na nchi, na ukiongeza sauti utausikia ukinguruma nyuma ya muziki. Aina ya pili ni hambaka, yenye koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja uufute wa nyingine. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliitengeneza katikati ya miaka ya 1950, na kuanzia mwaka 1957 ikaanza kufungwa kwenye magitaa ya Les Paul. Sauti yake ni nene na ya joto zaidi, na ukiizidishia nguvu hadi ikwaruze inabaki imeshikamana. Roki nzito na metali zinaitegemea sana, na wapigaji wengi wa jazi pia wanaitumia, ila wao huiacha sauti iwe safi.

Kama nyimbo zako tano zimetawanyika pande zote, usijisumbue. Tafuta gitaa lenye hambaka moja karibu na daraja na pikapu mbili za koili moja juu yake, kuelekea shingoni. Kwa mwanafunzi asiyejua bado moyo wake utaangukia wapi, huo ndio mpangilio ninaoupendekeza kwanza, kwa sababu swichi moja inakupeleka kutoka sauti ya kung'aa hadi ya kunguruma. Yamaha Pacifica 112 ni mfano unaojulikana wa gitaa la aina hiyo, na kampuni nyingine nyingi zina la kwao.

Hatua ya pili: jua umbo na ukubwa unaokufaa

Magitaa mengi utakayoyakuta dukani ni wajukuu wa magitaa matatu ya Marekani. La kwanza ni Telecaster ya Fender, lililoanza kuuzwa mwaka 1950 kwa majina mengine kabla ya kuitwa hivyo mwaka 1951: ubao bapa, pikapu mbili za koili moja, daraja lisilocheza. La pili ni Les Paul ya Gibson, la mwaka 1952: mwili mnene na mzito, shingo iliyogundishwa kwa gundi. La tatu ni Stratocaster, tena la Fender, la mwaka 1954: pikapu tatu, mwili uliochongwa mgongoni na mahali pa kulaza mkono, na daraja lenye mkono wa kuyumbisha noti. Squier ni jina ambalo Fender hulitumia kwa magitaa yake ya bei nafuu, na Epiphone ni la Gibson. Hakuna aibu yoyote kuanza na mojawapo. Viwanda vya leo vinakata mbao kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na gitaa nafuu la sasa mara nyingi linapigika vizuri kuliko lile walilojifunzia wazee wetu.

Kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji, na ambacho mkono wako utakihisi kila siku, ni urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja. Magitaa ya mtindo wa Fender kwa kawaida yana milimita 648, ya Gibson yana takriban 628. Milimita 20 ni kidogo kwa macho, lakini kwa nyuzi zilezile na noti zilezile, uzi mrefu unavutwa kwa nguvu zaidi kama asilimia 6, na nafasi kati ya freti na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, nayo inapanuka. Mwenye vidole vifupi atapata nafuu kwenye ule mfupi. Yapo pia ya milimita 610 na chini ya hapo, mazuri kwa watoto na kwa watu wazima wenye viganja vidogo. Ukitaka kupima mwenyewe, weka rula kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Freti ya 12 imekaa katikati kabisa ya uzi.

Uzito nao usiudharau. Magitaa mengi yana kati ya kilo 3 na kilo 4 na nusu. Kilo na nusu ya ziada huisikii dukani ukiwa umekaa. Utaisikia begani baada ya saa moja ya kusimama. Na kuna magitaa ambayo ukiyaachia mkono yakiwa yamening'inia kwenye mkanda, kichwa kinashuka chini, kwa hiyo mkono wa kushoto unafanya kazi mbili, kubana nyuzi na kubeba shingo. SG ya Gibson, kwa mfano, inajulikana kwa tabia hiyo. Yale ya umbo la mshale au herufi V yanavutia sana jukwaani, ila ukikaa hayatulii pajani, na mwanafunzi hufanya mazoezi yake mengi akiwa amekaa.

Wanaotumia mkono wa kushoto wananiuliza mara kwa mara. Yapo magitaa yaliyogeuzwa kwa ajili yenu, ingawa uchaguzi wake ni mdogo dukani. Jimi Hendrix aligeuza gitaa la mkono wa kulia na kupanga nyuzi upya. Albert King aligeuza gitaa na kuziacha nyuzi kama zilivyokuwa, za chini zikawa juu. Mark Knopfler anatumia mkono wa kushoto katika mambo mengine lakini gitaa analipiga kama watu wa mkono wa kulia. Shika fimbo au ufagio kana kwamba ni gitaa, bila kufikiri, ucharaze. Upande ambao mkono wako umechagua wenyewe ndio wa kuanzia.

Hatua ya tatu: kaa mbali na daraja linaloelea

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wakipotelea hapa. Daraja lililofungwa imara halisogei, nyuzi zinabadilishwa kwa dakika kumi, na gitaa likishawekwa sawa linakaa sawa. Daraja la mtindo wa Stratocaster lina springi nyuma yake. Hilo si tatizo kubwa, na fundi anaweza kulikaza hadi likalala kwenye mbao lisisogee ikiwa hutaki kuutumia ule mkono wake.

Lile la tatu ndilo ninalokutahadharisha nalo: daraja linaloelea lenye kufuli za nyuzi, linalofahamika kwa jina la mbunifu wake, Floyd Rose, aliyelitengeneza miaka ya 1970. Ni ubunifu wa hali ya juu na mikononi mwa anayeujua linafanya maajabu. Lakini linasimama kwa mizani, nyuzi zikivuta upande mmoja na springi zikivuta upande wa pili. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainama na nyuzi tano zilizobaki zinalegea. Uzi mmoja ukikatika katikati ya mazoezi, gitaa zima linatoka kwenye noti. Kubadilisha nyuzi kunahitaji funguo ndogo maalumu na saa nzima ya subira. Mtu ambaye bado anajifunza kusikia kama uzi uko sawa au hauko sawa hapaswi kupewa mtihani huo. Na yale madaraja ya aina hiyo yanayofungwa kwenye magitaa ya bei ya chini huwa ya chuma laini kinacholika haraka. Liache kwa gitaa la pili.

Hatua ya nne: gawa fedha zako kabla hujatoka nyumbani

Kosa la kawaida ni kumaliza fedha zote kwenye gitaa. Ukifika nyumbani unakuta huna kebo. Mimi ningetenga kama thuluthi mbili kwa gitaa, na thuluthi inayobaki kwa amplifaya, kebo ya mita 3 yenye jeki ya milimita 6.35, mkanda, piki (vibao vidogo vya kupigia nyuzi) kadhaa za unene tofauti, seti moja ya nyuzi za akiba, na malipo ya fundi wa kulirekebisha. Hilo la mwisho watu hulikata kwanza. Usilikate. Gitaa nafuu lililopita mkononi mwa fundi mzuri linapigika vizuri kuliko ghali lililotoka kiwandani na kupelekwa moja kwa moja dukani.

Mbao nazo zina maneno mengi. Utasikia habari za miti kama mahogani, alda na basiwudi. Kwenye gitaa kavu mbao ndiyo sauti yenyewe. Kwenye la umeme mchango wake ni mdogo sana ukilinganisha na pikapu, amplifaya na vidole vyako. Karibu mwaka 1940 Les Paul mwenyewe, mpigaji ambaye gitaa lile la Gibson lina jina lake, alifunga nyuzi na pikapu kwenye gogo la msonobari la mraba, kisha akabandika mbavu mbili za gitaa pembeni ili tu lionekane kama gitaa. Lilipiga. Kwa hiyo usiongeze fedha kwa ajili ya jina la mti. Ziongeze kwa ajili ya freti zilizosawazishwa vizuri na vigingi vya kukazia nyuzi visivyoteleza.

Hatua ya tano: lijaribu gitaa, hata kama hujui kupiga

Majaribio haya yote yanahitaji kidole kimoja na dakika ishirini. Usimwachie muuzaji akupigie. Akilipiga yeye utasikia ustadi wake, gitaa lenyewe hutalisikia. Ukiwa na rafiki anayepiga, nenda naye, ila ujaribu mwenyewe kwanza.

Anza kwa kulityuni. Programu ya bure kwenye simu inatosha: E, A, D, G, B, E, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Gitaa ambalo halijatyuniwa haliwezi kuhukumiwa. Kigingi kizuri kinazunguka kwa ulaini na uzi unafuata papo hapo. Kikiruka au kikilegea ovyo, kumbuka hilo.

Sasa inua gitaa, weka jicho kwenye mwisho wa kichwa na utazame shingo kwa urefu wake. Inatakiwa iwe karibu kunyooka, ikiwa na bonde dogo sana katikati. Ili kulipima, bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, kisha angalia nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ipite karatasi ngumu, kama robo ya milimita. Bonde likizidi si mwisho wa dunia, kwa maana ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachokazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo kurekebisha mpindo huo. Lakini shingo iliyojisokota kama kamba, upande mmoja umepanda na wa pili umeshuka, hiyo iache hapohapo. Hakuna skrubu inayoitibu.

Kimo cha nyuzi ndicho kilichonitesa mimi, kwa hiyo nakuomba ukipime kwa rula halisi. Kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, tafuta kama milimita 2 upande wa uzi mnene na milimita 1.5 hadi 1.7 upande wa uzi mwembamba. Ikifika 3 vidole vitalia. Uliza kama nyuzi zinaweza kushushwa. Kwenye madaraja mengi ni suala la skrubu ndogo tu. Pima pia kule mwanzo kabisa wa shingo, kwenye kile kidaraja chenye mifereji sita. Mifereji ikiwa haina kina cha kutosha, noti za freti ya kwanza zitakuwa ngumu kubana na zitatoka zimepanda juu ya sauti yake, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye tupa ndogo, usijaribu mwenyewe.

Telezesha kiganja taratibu kwenye kingo zote mbili za shingo. Ncha za freti zisikukwaruze. Mbao ya shingo ikikauka husinyaa, chuma hakisinyai, na ndipo ncha hutokeza. Zinaweza kusuguliwa, lakini zikikuchana dukani ni dalili kwamba gitaa limekaa pakavu muda mrefu au lilimaliziwa kwa haraka.

Kisha fanya kazi inayochosha kuliko zote na yenye faida kuliko zote: piga kila noti. Nyuzi sita kwa freti 22 ni noti 132. Bana, piga mara moja, sikiliza, sogea. Unatafuta noti inayokata mapema kuliko jirani zake, inayozizima kwa kelele za chuma, au inayotoa sauti ya freti ya mbele yake. Mzizimo mdogo unaosikika gitaa likiwa halijachomekwa, na unaopotea kwenye amplifaya, usikutie wasiwasi. Noti inayokufa kabisa inamaanisha kuna freti iliyoinuka.

Baada ya hapo jaribu usahihi wa noti juu ya shingo. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, bila kuubana, piga, uachie. Utasikia sauti kama kengele. Sasa ubane hapohapo kwa kawaida na upige. Kipima noti cha simu kionyeshe kitu kilekile mara zote mbili. Visipolingana kidogo, skrubu za daraja zitarekebisha. Visipolingana kwa kiasi kikubwa na skrubu imeshafika mwisho wake, kuna tatizo la msingi.

Hapo ndipo uchomeke kebo. Omba sauti safi kwanza, bila madoido, kwa maana mkwaruzo mwingi unaficha kasoro. Zungusha vitufe vyote vya volyumu na toni toka mwanzo hadi mwisho, vikikoroma mara moja mbili kisha vikanyamaza ni vumbi tu. Pitisha swichi kila nafasi. Tikisa jeki kidogo: sauti isikatike. Na sikiliza mvumo. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, hiyo ni kawaida, kwa sababu nyuzi zimeunganishwa na waya ya ardhini. Ukigusa ukaongezeka, nyaya za ndani zimefungwa kinyume au hazijaunganishwa. Ukihisi umeme unakutekenya vidoleni, zima, chomoa, na usilishike tena hadi soketi na amplifaya vikaguliwe.

Mwisho, kaa nalo. Dakika tano umekaa, dakika tano umesimama na mkanda. Usipige chochote cha maana. Sikiliza mwili wako: kifundo cha mkono kimenyooka au kimekunjwa, bega limeinuka, ukingo wa mwili wa gitaa unakukata mbavuni? Kati ya magitaa mawili yaliyofaulu majaribio yote, chukua lile ambalo mkono uliona tabu kuliachia. Na kama bado yanalingana, hapo sasa chagua rangi, na uichague kwa moyo wote. Kupenda kulitazama ni sababu halali kabisa ya kulishika.

Lililotumika, na la kuagiza mtandaoni

Gitaa lililotumika linaweza kuwa bahati kubwa, kwa kuwa mwenyewe ameshabeba hasara ya upya. Ongeza ukaguzi wa mambo mawili. Kwanza, nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa. Kwenye magitaa ya mtindo wa Gibson kichwa kimelazwa kwenda nyuma, na yakianguka huvunjika hapo. Tafuta mstari mwembamba chini ya rangi, upapase kwa ukucha. Ufa ulioungwa vizuri unaweza kudumu miaka, lakini bei iakisi hilo. Pili, freti chini ya nyuzi mbili za mwanzo: zikiwa na mifereji mirefu iliyochimbwa na nyuzi, kuzibadilisha kunaweza kugharimu zaidi ya ulichookoa. Mwombe mwenye gitaa ageuze mbele yako ile skrubu ya chuma cha shingoni, robo mzunguko tu. Ikigoma kabisa, endelea kutafuta.

Ukiagiza mtandaoni, chagua muuzaji anayekubali kurudishiwa, na fanya majaribio yote hapo juu siku ileile linapofika. Majina makubwa huigizwa sana. Bei iliyo chini mno kwa gitaa jipya lenye jina kubwa kichwani ni ishara tosha ya kuuliza namba yake na kuihakiki kwa kampuni husika.

Amplifaya

Kwa chumbani, wati 10 hadi 20 zinatosha na kusaza. Sikio linadanganya hapa: kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaitambua kwa shida, na ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Usiifuate namba. Fuata tundu la kuchomeka hedifoni, kwa sababu ndilo litakalokuruhusu kufanya mazoezi usiku wakati wengine wamelala, na tundu la kupitishia muziki wa simu ili upige pamoja na nyimbo zako tano. Spika ya inchi 8 inasikika imejaa kuliko zile ndogo za inchi 3, ingawa hata hizo ndogo zinafundisha. Amplifaya za vali, zile zenye taa za kioo ndani, zina sauti tamu, ila nyingi huonyesha utamu wake zikiwa zimefunguliwa sana, jambo ambalo majirani hawatalivumilia. Ukiwa na kompyuta, kiunganishi kidogo cha sauti na programu ya kuigiza amplifaya ni njia nzuri pia.

Pedali za madoido, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, ziache kwa miezi ya mwanzo. Zinavutia, najua, lakini sauti safi inakuonyesha vidole vyako vinafanya nini.

Wiki ya kwanza nyumbani

Lipeleke kwa fundi ndani ya siku chache, ukiwa na seti mpya ya nyuzi. Omba seti ya 9 (yenye uzi mwembamba wa milimita 0.23) kama uzi wako ni mrefu wa milimita 648, ya 10 (milimita 0.25) kama ni wa 628. Mwambie unaanza, na kwamba unataka nyuzi ziwe chini kadiri inavyowezekana bila kutoa kelele za chuma. Kaa utazame anavyofanya, mafundi wengi hupenda kumweleza mwenye hamu.

Liweke kwenye stendi mahali unapopita kila siku, mbali na jua la dirishani. Gitaa lililofungiwa kwenye begi chini ya kitanda linasahaulika, na mimi nimegundua kwamba likiwa jirani na kiti changu nalishika mara tano zaidi. Ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, jasho ndilo linalozitia kutu. Zikianza kuwa nyeusi na sauti yake kufifia, kwa anayepiga kila siku huwa ni miezi miwili au mitatu, zibadilishe.

Ncha za vidole zitauma wiki mbili tatu za kwanza. Ni kawaida, ngozi inajijenga, na dakika 15 kila siku zinaijenga vizuri kuliko saa tatu za Jumamosi. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya kiwiko ni jambo jingine. Hayo hayavumiliwi: acha kupiga siku hiyo, fupisha au refusha mkanda, na pima tena kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12.